Nyota wa Pweza Kwenye Foleni ya Namoto

Juzi pale mpakani Namoto, kwenye foleni ya kugonga muhuri wa kuvukia, watu walitimka wote mara moja. Yule mwanamke wa pweza amefika. Nani asiyemjua? Wiki mbili nzima video yake ilijaa kwenye simu zetu, uso mweupe kwa msiro, ule urembo wa mti unaosagwa na kupakwa usoni, akimjibu mteja mwenye maneno mengi: "Pweza nimempiga mpaka amelainika. Bado wewe."

Nami nikakimbia. Hata afisa aliacha muhuri mezani akaja kuomba picha. Mwanamke wa watu, msiro usoni, akatabasamu na kukubali kila simu.

Mbele ya foleni alibaki mchuuzi mmoja tu na kapu lake. "Msinikanyagie kapu," alisema taratibu. "Pweza wameshalainika, bado nyinyi."

Niligeuka. Sauti ni ile ile ya kwenye video, ila huyu alikuwa amenawa uso, na hakuna aliyemtazama.

"Dada, si ni wewe?" nikamnong'oneza. "Waambie basi."

"Niwaambie nini? Mimi walinizonga siku tatu, hata ugali ukaniungulia. Mwache na yule aunguze wake."

Mama mmoja akamkabidhi mchuuzi simu: "Dada, tupige picha sote na mwenye pweza." Akatupanga, warefu nyuma, akapiga mara mbili.

Umaarufu wa simu, ndugu zangu, ni msiro: ukinawa, umekwenda na maji. Mchuuzi aliporudi kwenye foleni, nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Na aliyeichukua, nakiri, ni mimi.