Kidole Kilichokunjika Kwenye Kizuizi

Kiungo bandia cha kukunjia kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, niliwekewa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, baada ya mlango wa lori kukiponda kile cha asili. Mtaalamu wa mazoezi alinipa maagizo: kunja mara kumi kila saa, nyoosha, rudi baada ya wiki mbili. Siku ya tisa waasi waliingia mji wetu wa Uvira kutukomboa, kama ilivyo desturi yao kila baada ya miaka michache, na mpaka ukafungwa.

Nilikuwa na tasnifu ya kumalizia kwa mkono, kwa kuwa umeme nao ulikuwa umekombolewa, na kidole kisichoweza kushika kalamu. Kila asubuhi nilipima pembe yake kwa kipimapembe cha shule, nikachora grafu. Grafu ilikuwa nzuri sana. Kidole kilibaki kimenyooka kama rula.

Mama aliitazama grafu, akaninyang'anya kijiko.

"Weye, finyanga bugali na mukono. Daktari wako iko wapi sasa?"

Kwa wiki tano nilifinyanga matonge ya moto, naye akiniombea kwa sauti ambayo majirani hawakuweza kuikosa.

Siku moja, mimi na mama tukienda bandarini Kalundu kununua ndagala, dagaa wa ziwani, tulisimamishwa kwenye kizuizi cha waasi. Mpiganaji aliyekuwa zamu alikuwa na taaluma yake: kukagua vidole vya wanaume, akitafuta sugu ya kufyatua risasi. Alikishika changu, chenye kovu na uvimbe.

"Hii iko kidole ya soda," alisema, akimaanisha askari wa serikali.

"Hapana, chef, mkubwa wangu. Ni kiungo bandia. Kinakunjika digrii nne tu, kwa hiyo hakiwezi..."

"Digrii? Weye iko muntu ao saa? Kunja!"

Nilikusudia kumwonyesha kushindwa kwangu, ushahidi pekee niliokuwa nao. Kidole kilichokuwa kimekataa sala, bugali na sayansi kikaitii bunduki. Kilikunjika mpaka kikagusa kiganja.

Nilikuwa bado natafuta maelezo yenye mantiki mama alipopiga vigelegele.

"Kimekunja! Yesu wangu, kimekunja!"

Akamkumbatia mpiganaji, pamoja na bunduki yake. Wenzake waliangua kicheko. Alijinasua, akavuta kofia usoni.

"Mama, peleka mutoto yako. Soda gani anakujaka na mama yake?"

Tulipita. Hatua mia mbele niligundua kwamba mkono ule ulikuwa umekamata kitenge cha mama, na sikuweza kukiachia. Ilibidi asimame kando ya barabara anikunjue kidole kimoja kimoja, chenye kiungo bandia kikiwa cha mwisho.