Siku Mama Aliposimama Mstari Mwingine

Harufu ya pasi ya makaa inapogusa kitambaa kibichi hunirudisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hata kama nimesimama katikati ya Lilongwe. Ndivyo ilivyonuka nyumba yetu ya tope. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kila nguo aliyoimaliza aliinyunyizia maji kwa mdomo, pfuu, kisha akaipiga pasi huku akiongea. Hakujua kushona kimya. Alishona akieleza nini kifanyike Congo na nini kifanyike kambini, na kama wewe ulikuja kuchukua suruali yako tu, pole yako.

Mama hakuyataka maneno hayo nyumbani kwake, na alikuwa na haki. Kule Uvira, Congo, kabla vita haijatutoa, baba na wenzake wa mtaa walikuwa na mikutano ya kusema waziwazi kwamba askari wanachukua mbuzi wa watu. Mjomba Heri, mdogo wake mama wa mwisho, hakuwahi kusema hata neno moja kwenye mikutano ile. Kazi yake ilikuwa kuazima mabenchi kanisani na kuyarudisha. Askari walipokuja kumtafuta baba hawakumkuta. Walimkuta Heri, benchi begani, wakaenda naye, nasi hatukumwona tena. Tulivuka ziwa, tukapita Tanzania, tukafika Malawi, na njia yote ile mama hakumlaumu baba. Nilitamani amlaumu yaishe, maana kimya chake kilitubana kuliko ugomvi.

Dzaleka haikuwa na ukuta, lakini sikuwahi kuona watu waliofungwa kama wazazi wetu. Kutoka kulitaka ruhusa. Kufanya kazi mjini kulikatazwa. Kurudi nyumbani kulikuwa kurudi vitani. Basi wakubwa walizunguka mahali palepale siku nzima, kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, na sisi watoto tukajifunza kutowauliza lini tutaondoka.

Baba alipopata ruhusa alikwenda Lilongwe kununua vitambaa soko la Tsoka. Siku moja alinichukua. Wamalawi walikuwa karibu kupiga kura, na magari yalipita yamejaa wanawake waliovaa vitenge vya rangi za chama, wakiimba hadi sauti zinakauka. Karibu nasi wanaume wawili walibishana juu ya rais wao. Mmoja alimwita mwizi, kwa sauti kubwa, na polisi aliyeegemea nguzo hapo karibu aliendelea kutafuna karanga zake. Nilimkamata baba shati nikingoja tukimbie. Yeye alisimama akiwatazama wale wawili kwa uchu, kama mtu aliyepita penye chakula cha wengine.

Mwanamke muuzaji aliyekuwa akitupimia kitambaa akamwuliza baba atampa nani kura.

“Mi niko mukimbizi, mama,” baba alisema. “Huku sina kura, na kwetu kura haiko.”

Yule mwanamke alikijua Kiswahili kidogo, na kilipomshinda alimalizia kwa Kichewa. Alitueleza kwamba hiyo Dzaleka yetu zamani ilikuwa gereza, na serikali ya wakati ule iliwafungia humo watu waliosema sana. Baba yake mdogo alikuwa mmoja wao. Akatuonyesha kwa kidevu wale wanaume wawili, akasema wanatukana mchana kweupe kwa sababu kuna waliolipia. Baba akamshukuru kwa Kichewa, zikomo, akachukua kitambaa chake, na safari nzima ya kurudi hakufungua mdomo. Niliogopa, maana baba akiwa kimya alikuwa mtu mgeni kabisa kwangu.

Wakati huo mjigo wa mtaa wetu, ile pampu ya kisima, ulikuwa umekufa. Mama zetu walikwenda kuchota mtaa mwingine, na wenye mtaa wao waliwatukana na kuwapindulia ndoo. Mwenyekiti wetu wa mtaa naye alikuwa amehamishiwa ng’ambo pamoja na familia yake, hivyo ilibidi tumchague mwingine. Jioni ile tuliporudi kutoka Lilongwe baba akatangaza kwamba atasimama. Mama aliacha kusonga nsima, ugali wa huku.

“Papa Riziki, ile politike ilikula Heri. Sasa unataka ikule nani? Huyu?” Akaninyooshea mwiko.

“Ni mayi ya kunywa tu, Mama Riziki. Haiko politike.”

“Kule pia ulisema ni mbuzi tu.”

Nsima ile ililiwa ina madonge.

Uchaguzi wa mtaa wetu haukuwa na karatasi. Wagombea walisimama kwenye uwanja wa kanisa wakiwa wametazama ukuta, wasione anayekuja, na kila mtu mzima alipanga mstari nyuma ya mgongo wa mtu wake. Siri ilikuwa kwa wagombea tu. Sisi wengine tuliona kila kitu. Mpinzani wa baba alikuwa Papa Mlondani, muuza maandazi, mtu mpole ambaye hakuwahi kumkasirisha mtu yeyote. Alipopewa nafasi ya kujinadi alifumba macho akasali.

Watu walianza kujipanga. Mstari wa baba ulikua haraka, wanawake wa ndoo wakiwa mbele. Kisha mama akatoka kivulini, amevaa kitenge chake cha kanisani, akapita katikati ya uwanja bila kuharakisha na kusimama nyuma ya Papa Mlondani. Mtu akacheka. Mwingine akasema, “Mama Riziki, umekosea! Bwana yako iko huku!” Mama hakugeuka. Niliona mgongo wa baba ukikakamaa pale ukutani, nikajua ameelewa. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba alishinda. Wagombea walipogeuzwa, hakutazama mstari wake mrefu, alimtafuta mama. Wakatazamana, na kila mtu akawatazama wao. Nyumbani mama alimpakulia kwanza yeye, kama siku zote. Baba alikula, akafuta mdomo.

“Uliona musitari yangu ilikuwa murefu.”

“Niliona,” mama alijibu. “Nilikuwa mahali pazuri pa kuonea.”

Baba akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Kutoka siku ile mtaa mzima ulimwita mama Mama Opozisyoni, yaani mama wa upinzani, na watoto wenzangu waliniimbia jina hilo njia yote ya shule. Niliona amemsaliti baba, nikawa namjibu kwa mkato.

Baba alikwenda ofisi ya kambi asubuhi baada ya asubuhi na ule mdomo wake, mpaka mjigo ukatengenezwa. Siku maji yalipotoka wanawake walipiga vigelegele, na mama alipanga ndoo yake kama wengine. Lakini baba alikuwa amewachosha watu kule. Alipoomba tena ruhusa ya kwenda Lilongwe aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki hiyo ikazaa nyingine. Hakuna aliyesema ni adhabu. Vitambaa vya Tsoka vikaisha, tukabaki na viraka. Wateja wakapungua wakaja wenye malalamiko ya mtaa, wakakaa hadi chakula kiive, na mama akaongeza maji kwenye maharage. Nilimaliza shule ya msingi sijamwona baba akivuka barabara kubwa ya kutokea kambini. Alishona viraka huku akiongea, na sauti yake ikawa inapungua. Alifia kambini, na makaburi yale ya Dzaleka ndiyo nchi aliyobaki nayo. Bado inaniuma.

Miaka baadaye nilikuwa nimepata kibali na kupanga chumba Area 18, Lilongwe, na mama alikuja kunitembelea. Tukiwa tunachambua mboga nilimwuliza, hatimaye, kwa nini alimwaibisha baba mbele ya watu, yeye aliyechukia siasa kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Hakukasirika. Alisema, “Heri hakuulizwa kitu. Balimupa tu mabenchi abebe, akafa na mambo yenye hakuchagua. Mi nilisema, kama itatukula tena, ikute nilisha kusema apana. Na bantu bote baliniona.”

Nilichambua majani mawili matatu nikiwaza. Wanawake wa ndoo walikwenda walikotaka kwenda, nyuma ya mtu aliyewaahidi maji. Mama naye alihitaji maji yaleyale, na mtu yule alikuwa mume wake. Alipita uwanja mzima akichekwa ili aseme hapana, akashindwa, kisha akabeba gharama pamoja naye miaka yote bila kumkumbusha kwamba alimwonya. Nami nilikuwa nimemwita msaliti moyoni.

“Kumbe mama,” nikamwambia, “na wewe ulifanya politike.”

Akanitazama kama mtu aliyengoja sana.

“Politike njo ile, mutoto yangu. We uliwaza ni nini?”