Karatasi za Gitaa la Kwanza

Mke wangu alipiga gitaa la kwanza, mimi la pili. Vipande vya muziki tulivyopiga vilitungwa Ulaya zamani sana kwa ajili ya vinanda viwili vya nyuzi, ndugu wa gambusi. Padri mmoja alituachia nakala alipohamishwa kutoka parokia yetu ya Nachingwea. Kila mtu alikuwa na karatasi zake, na za mke wangu zilikaa kwenye mkoba wake wa kuendea kanisani.

Tulipoanua matanga yake, vitu vyake waligawiwa ndugu zake, kama ilivyo desturi. Mkoba ukaenda na mdogo wake wa kike, kijijini kwake Mandawa, huko Ruangwa. Mpaka nikumbuke karatasi na kufunga safari ya kumfuata, shemeji alikuwa ameshazikata na kufungia korosho za kukaanga anazouza gulioni.

"Jamani shemeji, mimi niliona vidoti tu," alisema, machozi yakimtoka.

Nilikasirika, nikaondoka bila hata kunywa maji yake.

Nikaanza kuitafuta sehemu ya marehemu ndani ya yangu. Pale nilipobaki na besi tupu, ujue wimbo ulikuwa kwake. Pengine vidole vilinisaidia, maana vilikuwa vimezoea kumfuata. Nilichokipata nikakirekodi kwenye simu, na jioni nikawa napiga nayo. Upweke wa kupiga hivyo sikuutarajia. Unapiga muziki wa watu wawili na simu iliyoegemezwa kwenye kikombe, na ukichelewa kidogo haikusubiri.

Kipande kimoja kilinishinda kabisa. Katikati, sehemu yangu inanyamaza. Nikamtungia noti za mbio, nikamtungia za taratibu, zote zikasikika za uongo. Nusura nilivunje gitaa. Siku moja nikachoka, nikapaacha wazi, nikarekodi upya hivyo hivyo. Pakakaa sawa.

Krismasi shemeji alikuja na kuku, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Nilishindwa kuendelea kumnunia. Nikamwambia asikilize, nikawasha simu, nikapiga kipande chote. Tulipofika katikati, simu ikanyamaza na mimi nikanyamaza.

"Hapo umesahau, shemeji?" aliniuliza tulipomaliza, kwa upole.

"Sijasahau. Hapo dada yako alikuwa hapigi kitu. Alikuwa ananitazama."