Wanjiru Wawili wa Baba Dogo

Usicheke. Najua mtu akianza kusimulia mambo ya paka na marehemu, watu husema huyo mama amechoka. Lakini kisa hiki sikusimuliwa. Kilinipata mimi, nyumbani kwangu Baba Dogo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mume wangu alikuwa seremala Gikomba. Wiki aliyomzika mama yake, Wanjiru, aliokota paka kwenye maranda, sikio moja limechanika, akaja naye nyumbani na kumpa jina la marehemu. Paka, jamani! Maziwa ya chai alionja yeye kabla yangu. "Wanjiru amekula?" ndiyo iliyokuwa salamu ya mume wangu akirudi kazini. Nilimwonea wivu yule mnyama, sitaki kukudanganya.

Kisha nikajifungua msichana. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, hakuna mjadala. Mama Mutua wa mlango wa pili alipokuja kuona mtoto akauliza, "Na huyo paka sasa mtamwita nani?"

"Nyau," nikasema haraka. Nilifurahi ajabu.

Mume wangu akamwinamisha mtoto ili paka amnuse, wazoeane. Paka akanusa shali, akanitazama mimi, akatoka. Tangu siku hiyo ukimwita Nyau hageuki. Ukimwita mtoto, yeye ndiye anayekuja mbio, anapanda kitandani, anamsukuma mtoto kwa kichwa.

Jioni moja nilikuwa mferejini nikisuuza nepi. Nikasikia mtu ndani anambembeleza mtoto kwa Kikuyu. Nani, na mume wangu yuko kazini? Nikaingia. Bibi kizee ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, amempakata mwanangu.

"Wanjiru!" nikapiga kelele, nikimwita mtoto.

Aliyegeuka ni yule bibi. Niamini: sura ya mama mkwe niliyemwona akizikwa, macho ya paka, sikio limechanika.

"Unamwita nani?" akauliza. "Mimi ama huyu?"

Mkono wake ulikuwa shingoni mwa mtoto. Wewe ungejibu nini?

"Wewe, Mama. Jina ni lako. Niachie mtoto tu."

Akamlaza kitandani taratibu, akanipita. Kufika mlangoni, aliyetoka ni paka, na hakurudi tena.

Mwanangu sasa ana watoto wake. Kitambulisho kinasema Wanjiru, lakini ukimwita hivyo hasikii, hata ukisimama mbele yake. Akiwa bado mdogo ilibidi tujaribu Nyambura, jina la mama yangu, ndipo akageuka. Mume wangu alilia siku hiyo. Dada zake hadi leo husema nilimpokonya mama yao jina kwa wivu, na hawakanyagi kwangu. Nitawaeleza nini?

Na jirani akimwita binti yake, naye Wanjiru, jioni, kuna kitu huitikia juu ya mabati yangu. Kwa hivyo wewe mwenye paka na mimba, mwite Simba, mwite Chui, mwite utakavyo. Jina la mtu usimpe. Akishalizoea, hatamwachia mtoto wako.