Duriti ya Saba

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na chai yangu tumboni. Nasema mapema kwa sababu najua watu wakisikia habari za namna hii, la kwanza ni kuuliza msimuliaji alikuwa amekunywa nini. Sijawahi kuonja pombe. Tena haikuwa usiku, haikuwa makaburini. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, pale pale mtaani kwetu Biryogo, Kigali, jua linawaka.

Enzi hizo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa fundi magari. Gereji yangu ilikuwa uwanja mdogo wenye geti la mabati, nyuma ya safu ya mafundi cherehani. Nilikuwa fundi mzuri, na kibaya zaidi nilikuwa nalijua hilo. Watu wa wizarani walitoka Kacyiru kunitafuta mimi, si mwingine, na mimi nilipenda sana kutafutwa.

Dada yangu Zaina aliolewa na Haruna, mwenye duka la vitenge mtaa wa chini. Haruna alikuwa mtu wa mikogo, lakini mikogo yake ilichekesha, haikuudhi. Mzungu mmoja aliyekuwa akikaa Kanombe alipofunga virago kurudi kwao, Haruna akanunua gari lake: jekundu, milango miwili, fupi, lenye turbo, na lilikuwa limelala chini ya turubai muda mrefu. Biryogo nzima ilitoka kulitazama. Zaina aliingia mara moja akatoka akisema anahisi amekalia barabara yenyewe.

Raha haikudumu. Likisimama lilitetemeka, na ukikanyaga mafuta turbo ilipiga mluzi bure, nguvu hakuna. Nilifungua boneti nikajua papo hapo. Injini ya namna ile ina mipira inayopitisha hewa inayonyonywa na injini. Sisi mafundi wa Kigali tuliiita duriti, kwa Kifaransa chetu cha gereji. Mpira ukizeeka unakauka na kupasuka, na injini inavuta hewa pasipotakiwa. Gari lile lilikuwa na duriti saba: sita nyembamba, na ya saba nene, inayokwenda kwenye chombo cha kusaidia breki. Hiyo ya saba usiichukulie kirahisi. Ndiyo inayokuwezesha kusimamisha gari kwa mguu mmoja. Ikiziba, pedali inakuwa ngumu na gari halikusikii tena.

Za kubadilisha zile sita nilikuwa nazo, mpira mzuri wenye kuta nene. Ya saba sikuwa nayo. Muuza vipuri mmoja wa Nyabugogo alikuwa ameniahidi kipande chake Jumamosi asubuhi, lori lake likifika. Nikamwambia Haruna asubiri hadi kesho.

"Shemeji, kesho ni ya nini?" akasema. "Mdogo yangu anaoa Gitarama leo jioni. Baba hayupo, ni mimi nasimama mahali yake. Watasimamisha nani, wewe?"

"Panda basi."

"Basi! Na gari iko hapa? Oya, shemeji. Wewe ni fundi, fanya ufundi. Tukitoka swala, mimi na Zaina tunapita kuchukua."

Akanipiga begani akaenda zake kutawadha. Ningekataa? Ningeweza. Lakini alisema wewe ni fundi, na maneno hayo yalikuwa udhaifu wangu. Adhana ilipolia, mtaa mzima ukaelekea msikitini, cherehani zikanyamaza, na mimi nikabaki. Ilikuwa Ijumaa yangu ya kwanza kuikosa tangu utoto. Nikafunga mnyororo wa geti kwa ndani ili nisionekane.

Sasa, mimi nilikuwa na desturi yangu. Nikitoa duriti, natoa moja moja, na kila ncha na mahali pake naviwekea kipande cha kitenge, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Vipande hivyo mafundi cherehani walinipa bure, na ndivyo nilivyokuwa sipotei. Siku ile, kwa haraka, nilizing'oa zote saba kwa mara moja. Zilikuwa zimekauka hata zikavunjika mikononi. Nilipoinua kichwa nikaona matundu yamejaa mbele yangu na sijui lipi linakwenda wapi. Sikuwa na kitabu cha gari lile, na aliyelijua alikuwa ameshapanda ndege.

"Umetoa zote mara moja," mtu akasema.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa injini. Mtu mrefu, wa makamo, amevaa ovaroli ya bluu iliyofuliwa vizuri, mikono ameiweka nyuma. Nikadhani labda nimefunga geti vibaya.

"Salaam alaykum," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama injini kwa huruma, namna watu wanavyotazama mgonjwa. "Hii gari naijua," akasema. "Ile fupi inaenda kwa turbo, pale chini. Hapana hapo. Chini kabisa. Yego, hapo."

Unadhani nilimwuliza jina? Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaanza kusukuma mipira. Yeye anaelekeza kwa kidevu, mimi naweka. Hakukosea hata mara moja. Kila aliponionyesha nilitazama, na kila mara nikaona kweli, haiwezi kuwa kwingine. Duriti sita zikaingia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua.

"Na ya saba?" akauliza.

"Ya saba sina. Mpaka kesho."

"Iko nyuma yako."

Nikageuka. Kwenye rafu kulikuwa na kipande cha mpira wa maji, mpya, laini, wenye kuta nyembamba. Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Fundi yeyote anajua kwamba mpira wa maji umetengenezwa kusukumwa kutoka ndani, haukutengenezwa kunyonywa. Ukiupa kazi ya kunyonywa utafanya vizuri ukiwa baridi. Ukipata moto unalegea, kuta zinagusana, njia inaziba. Nilijua. Nilifundishwa hivyo mwaka wangu wa kwanza, na nimewafokea watu kwa kosa hilohilo.

"Huo utalala ukipata moto," nikamwambia.

"Mpaka Gitarama tu," akasema. "Pima. Unafika."

Nikaupima. Ulifika sawasawa, haukuzidi wala kupungua. Nikausukuma mahali pake.

Nikawasha. Niamini, sijapata kusikia injini ikitulia namna ile. Hata glasi ya chai niliyoiweka ukingoni mwa gari haikutikisika. Nikachukua kipande changu cha mpira cha kusikilizia. Ndivyo tulivyokuwa tukitafuta hewa inayovuja: ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha taratibu kwenye maungio, na penye tundu unasikia "sssss". Nikapitisha kote, kimya. Nilikuwa natabasamu. Nikavuta mkono kutoka upande ule wa injini, na ile ncha ikapita karibu na kifua cha yule mtu.

Nikasikia sssss.

Nikadhani ni injini. Nikaurudisha mpira kwenye maungio, kimya. Nikauelekeza tena kwake. Ilikuwa hewa inavutwa kuingia, inavutwa, inavutwa, haitoki. Wewe vuta pumzi sasa hivi uone ni muda gani utaweza kabla hujaitoa. Nilihesabu moyoni hadi nikachanganyikiwa na hesabu, na yeye alikuwa bado anavuta. Na nyuma ya ile hewa hakukuwa na mapigo ya moyo. Hakukuwa na kitu.

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama mimi sasa, si gari.

"Hapo hapana mahali ya mpira wako," akasema, kwa sauti ileile ya upole.

Nikafumba macho nikatafuta Ayatul Kursi, mimi niliyeisoma tangu nikiwa na miaka sita, na haikuja. Nilipofumbua hakuwepo. Mnyororo wa geti ulikuwa umefungwa vilevile. Udongo wa uwanja, uliolowa mvua ya asubuhi, haukuwa na alama ya kiatu hata moja pale aliposimama.

Muda mfupi baadaye geti likagongwa. Haruna na Zaina, Zaina amevaa mshanana, vazi la kike la harusi, rangi ya dhahabu.

"Iko tayari?" Haruna akauliza, na kabla sijajibu akasikia injini. Uso ukamchangamka. "Weee! Si nilisema? Zaina, sikia. Kaka yako ni mchawi!"

"Kaka, mbona umepauka hivyo?" Zaina akaniuliza.

"Njaa," nikasema.

Wakaingia, wakaondoka.

Waliteremka hadi Nyabugogo vizuri, wakavuka daraja la Nyabarongo, wakapanda mlima wa Kamonyi gari likivuta kwa raha na Haruna akiimba. Mpando ule mrefu uliichemsha injini. Walipoanza kuteremka upande wa pili, pedali ikawa ngumu. Zaina alinieleza baadaye, hospitalini, mguu wake ukiwa umefungwa kuanzia pajani. "Alisimama juu ya breki na miguu yote miwili, kaka. Alikuwa anaita jina lako. Kama vile uko nyuma ya gari."

Haruna tulimzika kesho yake. Gari nililikuta kwa polisi, limekunjamana. Ile duriti ya saba ilikuwa imebaki mahali pake, imebonyea katikati kama utumbo mtupu.

Nilikwenda Kanombe, kwenye nyumba aliyokaa yule Mzungu. Nilitaka kuambiwa kwamba kulikuwa na dereva, au fundi, mrefu, mwenye ovaroli ya bluu, aliyefia ndani ya gari lile. Nilikuwa nimejiandaa kulia nikisikia hivyo. Mlinzi wa nyumba, mzee aliyekuwa pale tangu gari likiwa jipya, akatikisa kichwa. Hakuna aliyekufa. Hakukuwa na dereva. Mzungu aliliendesha mwenyewe, akalishughulikia mwenyewe. Nilirudi Biryogo kwa miguu.

Mwaka mzima nilikaa na siri ile. Halafu siku ya Idi nikamwambia Zaina yote, tangu swala niliyoikosa hadi ile sssss ya kifuani mwa yule mtu. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Huyo mutu alishika mpira?"

"Hapana. Alikuwa ameweka mikono nyuma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akajikongoja akaenda kupakua chakula. Mpaka leo hajaligusia tena, na mpaka leo bado ananipakulia.

Ufundi niliacha. Nauza makaa. Sikio langu la kulia, lile nililowekea mpira, nikililalia nasikia hewa ikivutwa, na daktari anasema sikio ni zima. Watu wananiuliza kama alikuwa jini, au shetani aliyeona nimeikimbia swala. Alikuwepo, nitaapa mbele ya yeyote. Lakini sikusimulii ili umwogope yeye.

Nakuonya kwa jambo jingine. Ukishajua kwamba kazi uliyomkabidhi mtu ni mbaya, sema. Sema hata ukichekwa, hata kama amekwisha kuondoka. Siku ile walipotoka getini barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka msikitini, na Haruna alikwenda polepole sana, akipunga mkono huku na huku ili aonekane. Mtoto angeweza kumkimbilia akamfikia. Mimi nilisimama pale getini nikifuta mikono kwa kitambaa, nikawatazama mpaka wakakata kona.