Mpira wa magongo wa kijiji chetu: timu isiyokuwa na nyota

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sitaongeza chumvi hata punje.

Miaka ya Ujamaa nilitoka chuo cha ualimu nikapangiwa kijiji kimoja jirani na Butiama. Chuoni nilikuwa nimejifunza mpira wa magongo, nikawafundisha vijana na kucheza nao. Magongo tulichonga wenyewe.

Niseme wazi: niliuamini usawa, na bado nauamini.

Lakini timu ilikuwa na nguzo tatu. Chacha golini, Marwa beki, na Matiku katikati. Hao wakiwepo, hata sisi wa kawaida tulionekana tunajua.

Ikaja mechi na Bunda. Bwana Michezo wa mkoa angekuwepo kuchagua mchezaji mmoja wa timu ya mkoa, na huyo angepewa kazi Musoma mjini. Matiku alikuwa na mama mgonjwa na wadogo wanaomtegemea. Kazi ile aliihitaji kuliko sisi sote.

Siku ya mechi, Mwenyekiti wa kijiji akatuita.

"Shamba la kijiji tunalima kwa zamu. Kwa nini goli lifungwe na mtu mmoja kila siku? Hao watatu wapumzike, wengine nao wajenge taifa."

Nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, tutafungwa."

"Mwalimu, usitujengee mabepari humu."

Akaenda kuketi kivulini, kwenye kiti pekee kilichokuwepo uwanjani.

Zamu ya golini ikamwangukia karani wa ushirika, mtu mstaarabu sana, aliyeupisha kila mpira kwa adabu. Hadi mapumziko, Bunda tatu, sisi bila. Mashabiki wao wakapiga kelele: "Nyie wa Butiama, mmekuja kupalilia?"

Mwenyekiti akaja kwangu taratibu.

"Mwalimu, wale watatu wameshapumzika vya kutosha."

Wakuu, kipindi cha pili sikuwa na la kufundisha. Chacha akafunga mlango. Marwa akawa ananyang'anya mpira na kumpa Matiku, na Matiku akitugawia mipira mizuri mpaka mimi mwenyewe nikafunga moja. Matatu alifunga yeye. Nne kwa tatu!

Bwana Michezo akaja na tabasamu. "Nani huyu anafungaga hivi?"

"Ni kijiji," Mwenyekiti akajibu.

Nikaingilia, "Ni Matiku, yule pale."

"Mwalimu bado kijana," Mwenyekiti akamwambia mgeni. "Sisi hatuna nyota, ndugu. Tumeshinda sote."

Bwana Michezo akavutiwa sana na msimamo huo. Akatusifu mbele ya watu wote, akasema kijiji kizima hakiwezi kuingia timu ya mkoa, akamchukua kijana wa Bunda.

Mwenyekiti akampa Matiku mkono. "Hongera kwa ushindi wetu!"

"Asante, Ndugu Mwenyekiti. Na kazi ya Musoma, tumeikosa sote?"

"Kazi haikosekani, kijana. Kesho kuna palizi ya pamba."

Nilichojifunza: nguzo chache hubeba timu, na kulikiri hilo si ubepari. Usawa wa kweli ungempa kila mtu gongo, kisha ungemtaja kwa jina aliyelitumia vizuri. Sisi tuligawana ushindi. Hasara tulimwachia mmoja.

Mliocheza timu za vijiji enzi zile, nguzo zenu ziliishia wapi? Mnaonipinga pia karibuni, ila mje na hoja.