Mita Elfu Mbili Kinyumenyume

Niliporudi nyumbani Boito kutoka hospitali ya jeshi nilikuwa na miaka thelathini na minne na mguu mmoja. Wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto upo, lakini una vyuma kuanzia pajani kwenda chini, na kifundo hakikunjiki. Miezi kumi na moja nilikuwa nimelala kitandani Nairobi nikijiambia kwamba nikifika nyumbani nitapumzika. Sikupumzika. Kukaa siyo kupumzika, na hilo nililijua wiki ya kwanza.

Shamba letu la chai linateremka hadi mtoni. Ni shamba la watu wenye miguu miwili. Njia kati ya mistari ya chai ni nyembamba, udongo unateleza asubuhi yote, na magongo yangu yalikuwa yanazama ndani kama vijiti kwenye uji. Nilijaribu mara mbili, nikaanguka mara mbili, na mara ya pili mke wangu ndiye aliyenibeba kunirudisha, mtu mzima na nguo zangu za matope. Baada ya hapo nilikaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Yeye anatoka alfajiri na kikapu mgongoni, mimi namtazama akichuma, naona kichwa na mabega tu juu ya majani. Saa tano anapanda. Ananiuliza kama nimekunywa chai. Nasema ndiyo hata kama sijanywa, kwa sababu nikisema hapana ataenda kuniwekea, na niliona jinsi alivyokuwa anashika kiuno.

Lazima niseme jinsi nilivyoumia, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Tulikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Somalia, ndani ya gari la jeshi. Bomu lililofukiwa barabarani lililipuka chini yetu, gari likapinduka, likalala chali. Nilining'inia kichwa chini, mkanda wa kiti umenishika kiunoni. Sikuweza kuufungua. Uzito wangu wote ulikuwa unaukaza. Kando yangu alining'inia rafiki yangu, mtu wa Londiani, ambaye tulikula naye sahani moja kwa miaka mitatu. Tuliongea kidogo. Aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi." Baadaye nilimwita na hakuitika. Wenzetu walipokuja kukata mikanda, mimi nilianguka nikiwa hai.

Tangu hapo sikuweza kufungwa mkanda. Kwenye gari la kwenda kliniki Kericho nilikuwa naukalia, nikiomba polisi wasitusimamishe.

Kliniki niliyokuwa nikienda ilikuwa na mama mmoja wa makamo aliyesimamia mazoezi ya viungo. Nilimwita daktari ingawa alinikataza. Siku moja alinitazama nikinyanyua vyuma, akaondoa shuka lililofunika mashine fulani kwenye kona, na vumbi likaruka.

"Njoo ujaribu hii," alisema. "Nimechoka kukuona unanyanyua hizo chuma kama mtu ametumwa."

Ilikuwa mashine ya kupiga makasia, ya kukalia chini na kuvuta mpini wenye mnyororo. Nilivuta. Akainama kuangalia namba kwenye kioo kidogo, akavaa miwani, akaangalia tena.

"Ebu vuta dakika mbili bila kuacha."

Nilivuta. Nilipomaliza nilikuwa naona nyota, na yeye alikuwa anaandika namba ya simu kwenye karatasi.

"Afande," akaniambia, "mabega yako hayajaambiwa kwamba umestaafu."

Namba ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuja huku kwetu kutoka kando ya ziwa akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchochea moto wa boila kwenye kiwanda cha chai hadi akastaafu. Mashua alizijua tangu utotoni. Alipokosa kazi ya kufanya aliomba ruhusa ya kutumia bwawa lililo ndani ya shamba kubwa la chai, dakika arobaini kwa bodaboda kutoka kwangu, na chama cha mchezo huo kikampa boti kuukuu ya mashindano. Ilikuwa ndefu na nyembamba kama ganda la maharagwe. Kwa ajili ya watu wasio na miguu alikuwa ameifungia kiti kisichosogea, chenye mgongo.

Sisi Wakipsigis si watu wa maji. Mimi mto naujua kwa kuvuka tu. Nilipofika bwawani siku ya kwanza nilimwambia mzee kwamba sijawahi kupanda poti.

"Boti," akasema.

"Ndiyo nimesema. Poti."

Sisi kwetu "b" hutoka "p". Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanionyesha kiti, na juu ya kiti nikaona mkanda mpana wa kupita juu ya mapaja.

"Huu ni wa nini?"

"Wa kukushika. Bila huo utateleza, hutavuta kitu. Ndiyo sheria ya mashindano pia."

Nikageuza magongo. Nilimwambia mwenye bodaboda anirudishe nyumbani, na mzee hakuniita. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Kesho niko hapa saa moja."

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua kichwa. "Baba watoto," alisema, "mimi siwezi kukuambia uende wala usiende. Lakini kwenye hicho kiti cha barazani nimechoka kukuona." Alisema bila hasira. Ingekuwa hasira ningejibu.

Nilirudi baada ya siku tatu. Mzee hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliweka boti juu ya nyasi, akaniketisha ndani, akafunga mkanda, na akanionyesha kamba nyekundu ambayo ukiivuta mara moja mkanda wote unaachia. Wiki mbili tulifanya hivyo tu. Funga, vuta, toka. Wachuma chai waliokuwa wakipita na vikapu walituona kila asubuhi, wanaume wawili wazima wakichezea boti isiyo na maji, na walitusalimia kwa heshima kama watu wanavyosalimia wagonjwa.

Kisha akasema wakati wa kupinduka umefika. Mtu hawezi kuruhusiwa majini na mkanda kabla hajapinduliwa akajifungua mwenyewe. Aliisukuma boti bwawani nikiwa ndani, akaingia hadi kifuani, na asubuhi yetu huku ni baridi ya kuuma meno. Akanishika begani, akasema, "Vuta kamba," na akaipindua boti.

Sikuvuta. Nilining'inia kichwa chini ndani ya maji ya kahawia, mikono yangu ikatafuta juu, ikatafuta pembeni, ikasahau kamba iko wapi. Niliyemsikia namjua, na alikuwa ananiuliza saa. Mzee ndiye aliyevuta. Alinikokota hadi kwenye nyasi, nikatapika, nikalia, na yeye akakaa kando yangu akitetemeka na shati lililomganda mwilini. Miaka yake ilikuwa sitini na kitu.

"Mzee, nimeshindwa," nikamwambia.

"Naona." Akakamua kofia yake. "Kesho tena?"

Nilichoka hata kukataa. Kesho yake sikuvuta. Kesho kutwa yake nilivuta nikiwa nimechelewa, nikameza maji. Mara ya sita au ya saba, sikumbuki vizuri, mkono ulienda wenyewe. Kamba ikaachia, nikatoka juu, nikashika ubavu wa boti, nikapumua. Hakuna kilichobadilika angani wala ardhini. Bata wa majini alikuwa palepale.

"Haya," mzee akasema. "Sasa tunaweza kuanza."

Nilitaka kumpiga. Nilidhani tumemaliza.

Miaka miwili iliyofuata haina hadithi nyingi. Bodaboda alfajiri, magongo yamefungwa ubavuni. Ukungu. Mikono iliyochubuka, ikapona, ikachubuka. Bwawa lina mita mia nne, na mbio ni mita elfu mbili, kwa hiyo nilienda hadi mwisho, nikageuza, nikarudi, hadi zitimie, urefu wa bwawa mara tano. Mazoezi yalikuwa asubuhi tu kwa sababu mchana mvua ya mawe huja bila kubisha hodi. Ilinikuta mara moja katikati ya bwawa na sikuwa na pa kujificha. Nilijikunja nikafunika kichwa kwa mikono huku maji yote yakichemka kunizunguka.

Nyumbani sikuwa msaada. Nilifika saa nne nikiwa nimekwisha, nikalala. Siku moja mke wangu alisimama mlangoni na kikapu tupu.

"Nikuulize. Unachoka kwa kazi gani?"

Yeye alikuwa anachuma chai, anakamua ng'ombe, anapika, anapeleka watoto shule, na mimi nilikuwa naenda mahali na kurudi palepale. Nilimwambia aje aone. Alikuja Jumamosi moja amevaa gambuti zake za mpira, akasimama ukingoni, mikono kifuani. Nilivuta mwendo mmoja na kurudi. Nilipofika alikuwa amekunja uso.

"Kumbe unaenda kinyumenyume."

"Ndiyo. Makasia ndivyo yalivyo."

"Sasa unajuaje umefika?"

"Nahesabu."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mzee naye akacheka bila kujua sababu. Sikumbuki kama alikuwa amecheka hivyo tangu nirudi. Hakuniuliza tena kuhusu kuchoka, ingawa haki ya kuuliza alikuwa nayo.

Mashindano ya kwanza ya kitaifa nilikuwa wa mwisho. Ya pili nikashinda, kwa sababu mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine alipotea njia akagonga boya. Nasema ukweli. Lakini ushindi ule ulinipeleka kwenye mashindano ya Afrika, katika nchi ya kaskazini yenye jua kali, na huko hakuna aliyepotea njia.

Mzee hakuweza kusafiri, kifua kilikuwa kinamsumbua. Nilienda na mwalimu wa timu. Walitupanga boti sita kwenye mfereji ulionyooka, na hilo ndilo lililonitesa. Mimi sikuwahi kuvuta mita elfu mbili kwa mstari mmoja. Kila baada ya mita mia nne mwili wangu ulisubiri kugeuka, mkono wa kushoto ukalegea wenyewe, na ilibidi niukemee. Mita mia tano za mwisho sikusikia watu. Nilihesabu kwa Kikipsigis, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeisha kichwani. Boti ilipovuka mstari wa mwisho nililala kwa mgongo na sikujua nimekuwa wa ngapi mpaka mtu alipokuja kunishika mkono.

Nilimpigia mzee.

"Wa pili," nikasema.

"Kati ya wangapi?"

"Sita."

"Basi umeona migongo ya wanne."

"Nimeiona."

"Na wa kwanza?"

"Huyo sikumwona kabisa."

"Huyo ni wa mwaka ujao," akasema, akakohoa kwa muda mrefu, na simu ikakatika.

Jumapili niliyorudi walinisimamisha kanisani. Medali ilipita mkono kwa mkono, benchi hadi benchi, akina mama wakiipima uzito kwa kiganja. Mzee wa kanisa akanikaribisha niseme neno. Nilisimama kwa magongo, nikaangalia watu wote walioniombea na wale waliokuwa wameacha kuja kunitazama, na kitu pekee kilichokuja mdomoni kilikuwa, "Nashukuru. Nimechoka, naomba nikae." Wakacheka na kupiga makofi, wakidhani natania.

Jumatatu sikwenda bwawani. Nililala. Saa tano mke wangu alipanda kutoka shambani, akatua kikapu kilichojaa majani mlangoni, akavua gambuti, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani ataniamsha. Alisema yeye pia anataka kulala, kidogo tu, na akajinyoosha kando yangu na kitambaa chake kichwani. Tulilala hivyo mchana mweupe, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Lori la chai lilipiga honi kule kwenye kituo cha kununulia majani. Likapiga tena. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuinuka, lakini hakuinuka.